UZI: Helicoprion, samaki aliyetuachia meno tu na ubishi wa zaidi ya miaka 100

#1 Mleta uzi

Wakuu, kuna ile picha inayozunguka kila baada ya miezi kadhaa: papa mwenye kitu kama msumeno wa mviringo kinaning'inia kidevuni, meno yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Jana nimetumiwa tena, safari hii imetengenezwa na akili mnemba na msumeno unatoa cheche chini ya maji. Cheche, ndani ya bahari! Nikaona bora niandike yote hapa, siku nyingine nikitumiwa nabandika kiungo naenda kulala.

Mnyama mwenyewe ni wa kweli. Anaitwa Helicoprion, jina la Kigiriki lenye sehemu mbili: moja ni kitu kilichojisokota, ya pili ni msumeno. Alikuwa samaki wa baharini, aliishi kipindi cha Permi, kati ya miaka milioni 290 na 270 hivi iliyopita. Wakati huo mabara yameshikana kuwa bara moja, Pangea, na dinosaria bado kabisa.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni kwamba msumeno wake tunao, samaki hatuna. Papa na jamaa zake hawana mifupa kama yetu. Mwili wao umejengwa kwa gegedu, kama ile uliyonayo kwenye sikio na ncha ya pua (jishike hapo ulipo). Akifa, gegedu inaoza na kusambaratika kabla matope hayajapata muda wa kuifunika. Meno ni magumu, yanabaki. Kwa hiyo unapasua jiwe, unakutana na duara la meno limejisokota kama konokono, na pembeni yake hakuna kitu. Hakuna kichwa, hakuna pezi, hakuna mkia.

Kipande cha kwanza kuandikwa kilitoka Australia Magharibi. Mwaka 1886 Henry Woodward, Mwingereza, alikipa jina Edestus davisii, akidhani ni wa jenasi (kundi la spishi ndugu) nyingine iliyokuwa inajulikana tayari. Kilikuwa kipande kifupi tu chenye meno kwenye ukingo uliopinda, na kwa kipande hicho usingejua kwamba kimekatika kutoka kwenye duara zima.

Duara zima lilikuja mwaka 1899. Aleksandr Karpinsky, mwanajiolojia wa Urusi, alipata misokoto mizuri kutoka milima ya Ural, upande wa Krasnoufimsk. Yeye ndiye aliyeanzisha jina Helicoprion, akaiita spishi yake Helicoprion bessonowi. Na huyu hakuwa mtu wa kubahatisha: baadaye, mwaka 1917, alichaguliwa kuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya Urusi. Lakini kwenye mchoro wake, msokoto aliuweka puani. Taya la juu linarefuka mbele, kisha linajikunja kwenda juu kama mkonga wa tembo anayepiga saluti, meno yametazama nje.

Nameza mate kidogo, naendelea.

#2 Mdau

Nimekaa siti ya mbele. Shusha nondo mkuu.

#3 Mdau

Sasa puani kwa nini? Meno si yanakaa mdomoni jamani. Rais wa akademia nzima anashindwaje hilo?

#4 Mleta uzi

Mkuu wa #3, usimcheke haraka. Chukua ule msokoto mkononi kwa mawazo. Meno yote yametazama nje. Yaliyo katikati ni madogo kabisa na yamezungukwa na mzunguko wa pili, na wa pili umezungukwa na wa tatu. Meno ya katikati hayawezi kugusa chakula hata kidogo. Ukiweka duara la namna hiyo mdomoni, swali la kwanza ni taya linafungaje. Kwa hiyo ukiambiwa uchague, unaanza kuona mantiki ya kulitoa nje ya kinywa kabisa.

Na ndicho walichofanya. Wengine wakaona ni miiba ya pezi la mgongoni. Wengine wakalipeleka mkiani. Wengine wakarudi mdomoni lakini wakalining'iniza nje ya taya la chini, na hiyo ndiyo nasaba ya ile picha mnayotumiana. Wengine wakalisukuma ndani kabisa, kooni. Ukizipanga hizo picha mezani utadhani ni samaki sita tofauti, kumbe ni meno yaleyale yanahamahama mwilini kama mpangaji aliyeshindwa kodi.

#5 Mdau

Mimi naamini lilikuwa linazunguka. Umbo la msumeno wa mviringo halijaja bure. Samaki anakuja kasi, duara linazunguka, mnyama mwenzake anakatwa vipande viwili.

#6 Mleta uzi

Halizunguki mkuu, angalau si kwa namna hiyo. Hakuna kiumbe mwenye uti wa mgongo ambaye kiungo chake kinazunguka bila kikomo kama gurudumu, kwa sababu mishipa ya damu na neva ingesokotwa mpaka ikatike.

Ila kuna kuzunguka kwa aina nyingine, polepole mno, kwa umri wote wa samaki. Hili ni rahisi kulishika ukitumia mikono. Tafuta boksi tupu na mkasi.

Chora msokoto kama wa konokono kwenye boksi, mizunguko mitatu hivi. Kwenye ukingo wa nje wa mstari wote kata meno: katikati madogo kama punje ya mtama, yakielekea nje yanakua. Jino la mwisho, lile la nje kabisa, ndilo kubwa kuliko yote au karibu na kubwa kuliko yote. Sasa chukua vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja kushoto na kimoja kulia, uubane msokoto katikati yake kama mkate unavyobana nyama. Acha ukingo wa juu tu ndio uonekane.

Hilo ndilo taya la chini. Karatasi mbili ni gegedu za kushoto na kulia. Meno yanayoonekana juu ndiyo yanayofanya kazi leo. Yaliyofunikwa ni ya zamani.

Samaki akikua, jino jipya linaota kwa nyuma, upande wa koo. Likishakaa, safu nzima inasukumwa mbele hatua moja. Jino lililokuwa mbele kabisa linashuka, linaingia chini kwenye gegedu ya taya, na halitoki tena. Zungusha boksi lako kidogo kuelekea mbele ulione. Mwaka hadi mwaka meno ya mbele yanaenda chini, yanazunguka, yanafunikwa na makubwa zaidi.

#7 Mdau

Subiri kwanza. Kwa hiyo meno yake ya utotoni hakuyang'oa? Yako humo humo ndani ya kidevu?

#8 Mleta uzi

Yako humo humo. Hapo ndipo anapotofautiana na papa tunaowajua. Papa wa leo anadondosha meno maisha yake yote, ndiyo maana meno ya papa yametapakaa kwenye sakafu za bahari za kale. Helicoprion hakudondosha kitu. Alibeba kila jino tangu alipokuwa mdogo. Ukishika msokoto mmoja umeshika umri wake wote, utoto katikati na uzee pembeni.

Haya, tuje kwenye jiwe lililomaliza ubishi.

Idaho, Marekani, kuna miamba yenye fosfati nyingi, ile inayochimbwa kwa ajili ya mbolea. Ilikuwa matope ya sakafu ya bahari enzi za Permi. Wachimbaji wakivunja mawe ya duara yaliyomo humo, mara wanakuta msokoto wa meno. Sehemu kubwa ya visukuku vya Helicoprion duniani imetoka huko, na havikutafutwa na wanasayansi, vilitafutwa na watu wa mbolea.

Mwaka 1950 likapatikana jiwe moja huko. Msokoto wake una upana wa sentimita 23 hivi na meno 117. Hilo peke yake lingekuwa zuri tu. Lakini kandokando ya meno kulikuwa na kitu kingine: gegedu. Kwa bahati ya ajabu, ile sehemu ambayo huwa inaoza ilikuwa imebaki.

Mtaalamu wa Denmark, Svend Erik Bendix-Almgreen, alilichunguza na kuandika juu yake mwaka 1966. Alisema msokoto ulikaa kwenye taya la chini, katikati, pale taya la kushoto na la kulia zinapokutana. Kwa mahali, alikuwa amepatia. Tatizo ni kwamba aliona kile tu kilichojitokeza kwenye uso wa jiwe. Sehemu kubwa ya gegedu ilikuwa imezama ndani, na kulichonga jiwe kungeweza kuharibu chenyewe unachokitafuta. Kwa hiyo umbo la kichwa likabaki la kukisia, na wachoraji wakaendelea kuchora walivyotaka.

Jiwe likarudi kabatini kwenye jumba la makumbusho la Idaho. Likakaa miongo.

Halafu Leif Tapanila wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Idaho na wenzake, akiwemo mwanafunzi wake Jesse Pruitt, wakalipeleka Texas, kwenye mashine ya CT ya chuo kikuu kilichoko Austin. Wazo ni lilelile la mashine wanayotumia hospitalini, inapiga eksirei tabaka kwa tabaka, kompyuta inaunganisha. Matokeo yakatoka mwaka 2013.

Ndani ya jiwe kulikuwa na taya la juu na taya la chini, na mdomo umefungwa. Msokoto umejaza taya la chini lote, kutoka mbele mpaka karibu na bawaba ya taya. Haukuning'inia kokote. Umebanwa kushoto na kulia na gegedu, kama boksi lako na karatasi mbili. Na taya la juu halikuwa na meno kabisa.

Nilipoona ile picha ya kompyuta mara ya kwanza nilirudi kwenye mchoro wa Karpinsky nikacheka, halafu nikamwonea huruma. Jibu lilihitaji jiwe ambalo lilikuwa bado halijachimbwa na mashine ambayo ilikuwa bado haijabuniwa.

#9 Mdau

Samahani mkuu, mimi hapa nakukatalia. Kompyuta inachora unachoiambia ichore. Jana walisema puani, leo wanasema tayani, kesho watasema kisigino. Kwa nini tuamini hii na siyo ile?

#10 Mleta uzi

Swali zuri, na silijibu kwa hasira. Tofauti iko kwenye kilichokuwa mkononi. Wa zamani walikuwa na meno tu, mengine yote wakayajaza kwa akili. Hawa wa 2013 walikuwa na gegedu ya taya imegusana na meno, kwenye jiwe lilelile, la mnyama yuleyule. Mashine haikubuni gegedu, imeonyesha ilipo.

Ila upo sahihi kwenye jambo moja, na wengi hawalisemi. Kichwa tumekipata nusu, mwili hatujaupata. Kila picha unayoona ya Helicoprion mzima, yenye mapezi na mkia wa mwezi mchanga na rangi ya kijivu mgongoni, mwili umeazimwa kutoka kwa jamaa zake. Nami nikichora nitaazima vilevile, siwezi kuchora taya linaogelea peke yake.

Ukubwa nao ni wa kukadiria. Lile jiwe la meno 117 halikuwa la mnyama mkubwa sana. Upo msokoto mwingine wa Idaho wenye upana wa sentimita 56 hivi, na jino lake moja lina kimo cha sentimita 14, yaani linajaza kiganja na kuzidi. Ukipima kutoka taya kwenda mwili, makadirio mengi yanaangukia kati ya mita 5 na 8. Anayekwambia mita 12 muulize ameupima mkia upi.

#11 Mdau

Tumbo sasa. Alikuwa anakula nini na meno upande mmoja tu? Hata mimi bibi yangu ana meno ya chini tu, anakula uji.

#12 Mleta uzi

Hahaha, bibi asisikie. Lakini umegusa penyewe.

Meno ya juu yangesaidia kuvunja vitu vigumu, na huyu hakuwa nayo. Pili, meno ya misokoto mingi hayajachakaa wala kuvunjika kama ya mnyama anayetafuna magamba kila siku. Kwa hiyo wanaoelekea kwenye ngisi na jamaa zake, wanyama laini wenye mikono, wana hoja nzito. Mwaka 2015 Ramsay na wenzake walitoa uchunguzi wa jinsi taya lilivyofanya kazi, na ndio ninaoupenda kuliko yote.

Fikiria ngisi ameingia mdomoni. Taya la chini linapofunga linapanda, na kwa sababu meno yamepangwa kwenye tao, hayapandi wima tu. Yanapanda huku yanarudi nyuma. Meno ya mbele yananasa na kuvuta kama ndoana. Ya katikati yanachoma na kukata. Ya nyuma yanasukuma kile kilichokatwa kuelekea kooni. Kufunga mdomo mara moja, kazi tatu. Ukiwahi kukata ubao kwa msumeno wa mkono unajua kwamba kuusukumiza chini hakukati, kinachokata ni ule mwendo wa kuvuta. Huyu mwendo wa kuvuta aliupata bure kwa kufunga kinywa.

Wapo pia wanaopendekeza kwamba aliweza kuwatoa wanyama wenye magamba ya mviringo, ndugu wa mbali wa ngisi waliojaa bahari za wakati huo. Anamshika pale laini panapochungulia, anavuta, gamba linagonga ukingo wa mdomo linabaki nje, nyama inaingia. Mimi napenda wazo hilo lakini siweki mkono motoni.

#13 Mdau

Kwa hiyo ni papa wa kula ngisi. Sawa.

#14 Mleta uzi

Papa kwa lugha ya mtaani, sawa. Kwa ukoo, hapana. Lile jiwe lilionyesha pia jinsi taya la juu lilivyoshikana na fuvu, na hilo likamweka kwenye tawi la kimera. Kimera ni samaki wa gegedu wa vilindini, macho makubwa, mkia mwembamba kama wa panya, hao hata wavuvi wengi hawajawahi kuwaona. Tawi hilo na la papa yalitengana zamani sana. Kwa hiyo ukimwita papa unamwita binamu kwa jina la binamu mwenzake.

Kundi lake lilikuwa la mafundi wa majaribio. Yule Edestus ambaye Woodward alimfikiria mwaka 1886 ni ndugu yake, naye alikuwa na upinde wa meno juu na mwingine chini, vinakutana kama mkasi. Mmoja msumeno, mmoja mkasi. Kumbe Woodward alikosea jenasi lakini ukoo alipatia.

Spishi sipotezi muda nazo. Zilitajwa nyingi, mwaka 2013 Tapanila na Pruitt wakazipitia wakabakiza tatu: davisii ya Australia, bessonowi ya Urusi, na ergassaminon. Nyingi za zile nyingine zilikuwa hatua tofauti za msokoto uleule.

#15 Mdau

Na walikufaje? Nadhani lile janga kubwa la mwisho wa Permi lililoua karibu viumbe vyote vya baharini.

#16 Mleta uzi

Nami niliwahi kuandika hivyo mahali nikasahihishwa. Janga hilo lilikuwa miaka milioni 252 hivi iliyopita. Helicoprion anapotea kwenye miamba kama miaka milioni 270, mapema kabisa. Janga halikumkuta. Cha kushangaza, baadhi ya ndugu zake wa kundi lilelile walivuka janga wakaingia mwanzo wa Triasiki, kipindi kilichofuata Permi, visukuku vyao vipo Kanada. Yeye aliyeenea kuliko wote, Urusi, Kazakhstan, China, Japani, Australia, Meksiko, Spitsbergen, ndiye aliyetangulia.

#17 Mdau

Mimi ndiye wa #5, wa kuzunguka. Nimekata boksi.

Jino la kwanza nimelifanya dogo kama ulivyosema, nikaenda nje. Mzunguko wa kwanza rahisi. Wa pili mkasi unaanza kugoma kwenye kona. Nimefika meno 41 kidole kimevimba, sijui huyo wa 117 alikuwa na subira gani. Nimelibana na karatasi mbili kwa gundi, nikasukuma mbele kidogo kidogo na ni kweli, la mbele linashuka linajificha. Kuhusu cheche nimekubali, yameisha.

Ila kabla sijaweka karatasi za pembeni nililiacha mezani nikaenda kunywa maji. Mdogo wangu kapita, kaligeuza huku na huku, kaniuliza huu ni mkia wa mnyama gani.